Maziwa ya Alhamisi

Mgeni akihamishiwa Garissa, awe mwalimu, karani au muuguzi, wiki ya kwanza hula biskuti na soda. Namwona tu. Anapita mbele ya kibanda changu amekunja uso, jasho linamtiririka, anatafuta kitu kinachofanana na chakula cha kwao. Siku ya nane njaa inaishinda aibu, anakuja kuniuliza, "Mama, hapa mtu hula wapi?" Na mimi Wanjugu, niliyetoka Nyeri nikakaa bulla hii, yaani mtaa huu, miaka kumi na mitano, ndiye wa kumwelekeza. Watu wanaochagua chakula hunipandisha hasira, lakini kazi hiyo naifanya vizuri.

Namwambia asubuhi aende kwa Idil, mlango wa kijani, akale anjera, zile chapati laini za Kisomali, zikiwa moto bado, zimemiminiwa samli na sukari, na asiombe kijiko. Saa saba aingie hoteli ya Mohamednoor, ile ya mabati, aagize wali na nyama ya mbuzi. Akiletewa ndizi mbivu asicheke, wala asiitie mfukoni ya baadaye kama alivyofanya karani mmoja wa kutoka Machakos. Ndizi huliwa na wali, tonge kwa tonge. Akitaka nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa mpaka ikakauka, ikawekwa ndani ya samli, basi aombe kwa adabu, maana wanaojua kuitengeneza huwa wameshaiweka kando kwa ajili ya watoto wao walio shule za bweni. Na akikumbuka kwao, kwangu kuna githeri ya mahindi na maharagwe, chapati na chai. Anaketi, anakula, na hapo ndipo anapokiona kile kigoda.

Kiko kushoto kwangu, chini ya turubai langu, na hakikaliwi na mtu. "Hapa huuzwa nini?" huuliza. Nami humwambia maziwa ya ngamia yako ng'ambo ile, kwa yule mama wa mtandio wa kahawia. Namwonyesha kwa kidole. Kwa kawaida siongezi neno. Leo nitaongeza, maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Yule mama anaitwa Osob. Tulikaa bega kwa bega miaka kumi na mmoja, yeye na madumu yake, mimi na sufuria zangu. Alizaliwa malishoni, akajua kukamua kabla hajajua kuhesabu. Akaolewa na dereva wa malori ya kwenda Elwak, akaletwa mjini. Mume akaugua njiani, akafa, akazikwa huko huko, na Osob akabaki na watoto wawili na chumba kimoja. Mama yake, Weris, na kaka yake, Bulle, walikuwa bado na ngamia. Wakaanza kumtumia maziwa. Kila asubuhi Bulle aliyafikisha barabarani kwa punda, Dagane akayachukua kwa pikapu yake, na kufikia saa nne Osob alikuwa ameketi pale kigodani, kikombe cha kupimia mkononi, watu wamemzunguka.

Watu hudhani kuuza maziwa ya ngamia ni kukaa na kumimina. Ni pua. Dumu likishushwa, muuzaji hulifungua na kunusa kabla hajasema hata salamu. Hapo anajua kama maziwa ni ya leo au ya jana, kama yametiwa maji, kama dumu liliwahi kubebewa mafuta ya taa. Tena kuna moshi. Kabla ya kukamulia, chombo hufukizwa moshi wa mti fulani ili maziwa yasiharibike upesi, na huo moshi ndio utamu wenyewe. Kila mwanamke ana moshi wake. Mmoja huacha kijinga cha moto kikae sana, mwingine hukitoa mapema, mwingine huchanganya miti miwili. Osob alikuwa akinusa dumu la jirani na kusema ni mke wa fulani ndiye aliyefukiza, na kweli alikuwa ni yeye. Nilidhani ni uganga.

Madumu ya biashara alifukiza mke wa Bulle. Lakini kila Alhamisi, pamoja na madumu, kilikuja chombo kidogo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kifuniko chake kimefungwa kitambaa chekundu. Wao hukiita dhiil. Hicho alikifukiza Weris kwa mkono wake mwenyewe, akakikamulia mwenyewe, na hakikuwa cha kuuzwa. Huko walikokuwa hakuna mtandao wa simu, na yule mama hakuwa mtu wa kutuma maneno kwa madereva. Alisema maneno yakipita vinywa vitatu hufika yameshageuka. Basi Osob alifungua kitambaa, akanusa, akafumba macho kidogo, akasema, "Hooyo mzima." Yaani mama mzima. Halafu akanimiminia nusu kikombe.

Mwanzoni nilikataa. Nilimwambia yananuka jivu, na kwetu mtu hanywi jivu. Alicheka mpaka mtandio ukamtoka. Mwaka wa pili nikayanywa kwa kumstahi. Mwaka wa tatu, Alhamisi ikifika dhiil haijaja, mimi ndiye niliyemgombeza Dagane.

Weris mwenyewe nilimwona mara moja. Alikuja mjini siku nne, akaketi kwenye gunia langu la mahindi, mwembamba, mkali wa macho. Nilimpa githeri. Aliipekua kwa kidole punje moja moja, akala yote, akaomba tena. Kisha akaushika mkono wangu, akaunusa, akamwambia binti yake kitu. Osob akanitafsiria, "Anasema mkono huu ni ya mtu wa kazi. Anasema tukae pamoja." Siku ya tano akarudi kwa ngamia wake. Alisema mji una harufu nyingi mno, mtu hawezi kumtambua wa kwake.

Sasa sikieni yaliyotokea.

Mwaka ule wa barakoa Osob alishikwa na homa, akalala wiki mbili, akaamka. Tulishukuru. Baada ya siku chache, Mohamednoor alikuja na birika la chai, ametaharuki. Chai yote ilinuka mafuta ya taa. Dumu lilikuwa limechafuka, na Osob alikuwa amelipokea na kuliuza. Alimwomba msamaha, akamrudishia pesa yake. Mohamednoor alipoondoka, Osob alinivuta nyuma ya turubai.

"Abaayo," akasema. Huniita hivyo, dada. "Mimi sisikii harufu. Hata moshi. Hata kitunguu chako."

Nilimwambia itarudi. Haikurudi. Mwezi, miezi mitatu, mwaka. Na muuza maziwa asiye na pua ni nani atanunua kwake? Ana watoto shuleni. Basi tukapanga njia yetu. Dumu likifunguliwa, mimi nainama kama naokota kitu, nanusa. Nikijishika kitambaa cha kichwa, ni mazuri. Nikikohoa, mabaya. Mimi Mkikuyu, niliyesema yananuka jivu, nikawa pua ya maziwa ya ngamia ya bulla nzima, na hakuna aliyejua. Tulikuwa tukicheka sisi wawili mpaka machozi.

Ila Alhamisi hatukucheka. Osob alifungua kitambaa chekundu, akaisogeza dhiil kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni hooyo?"

Nami nanusa. Nilikuwa nimeshaijua harufu ile kwa miaka. Moshi mkavu, mtamu kidogo mwishoni. "Ni hooyo," nasema. Ndipo alipokunywa.

Nilimwambia mara nyingi amweleze mama yake ukweli. Alikataa. "Hooyo akijua mimi siwezi kumnusa, ataona nimemwacha," alisema. Nikarudi kwenye sufuria zangu, maana mambo ya mtu na mama yake si ya kuingiliwa na jirani.

Miaka minne tulikwenda hivyo. Kisha ikaja Alhamisi moja ya mvua za masika. Barabara ilikuwa tope, Dagane alichelewa, akafika saa saba wateja wangu wamejaa. Chapati moja inaungua, mteja mmoja anagomba kwamba nimempa maharagwe matupu, na mimi hasira ziko juu. Osob akaisogeza dhiil. "Ni hooyo?" Nikainama, nikavuta pumzi nusu, macho yangu yako kwenye chapati.

"Ni hooyo," nikasema.

Jioni, nikiosha vikombe, harufu ikanirudia. Kulikuwa na uchungu ndani yake, kama kuni mbichi. Nikajiambia ni mvua. Kuni zimelowa, moshi umebadilika, basi. Nikalala usingizi wangu.

Alhamisi ya pili nilinusa vizuri. Hakuna kilichoungua, hakuna aliyegomba. Haukuwa mkono wa Weris. Hata mtoto angejua. Osob alinitazama, kikombe kiko tayari. Nami, jamani, nilifikiri mambo mengi kwa dakika moja. Nilifikiri, nikisema si yeye, ataniuliza na wiki iliyopita je. Nilifikiri, labda mama amechoka tu, amemwachia mkwe. Na nikiwa nasema ukweli, niseme wote. Nilifikiri pia kwamba Osob akipanda gari la Dagane kwenda malishoni atakaa huko mwezi mzima, na wateja wake ndio wateja wangu. Mtu akija kununua maziwa hununua na chapati. Hilo nalo lilipita kichwani mwangu, na sikulifukuza.

"Ni hooyo," nikasema.

Akanywa. Akasema, "Mvua imenyesha huko. Ngamia zimeshiba. Hooyo amefurahi."

Na Alhamisi ya tatu nikasema tena.

Alhamisi ya nne Dagane alisimamisha gari mbele yetu, na aliyeshuka alikuwa Bulle. Hakuwa na dhiil mkononi. Osob aliinuka, akaketi, akainuka tena. Bulle alikuja akachuchumaa mbele ya kigoda, akasema kwa Kisomali, na mimi Kisomali cha msiba nakielewa. Weris alikuwa amefariki Jumatatu, akazikwa Jumatatu hiyo hiyo, na mvua ikazuia gari mpaka siku ile. Alikuwa amelala karibu mwezi mmoja, kifua.

Osob alisema maneno ya kumrudisha marehemu kwa Mola wake. Kisha akauliza, "Mbona hamkuniita?"

Bulle akamtazama kama haelewi swali. "Tulikuita," akasema. "Hooyo alitukataza kutuma mtu. Alisema usimpelekee maneno, mpelekee dhiil iliyofukizwa na mkono mwingine. Alisema Osob akinusa atajua si mimi, atakuja siku hiyo hiyo. Mke wangu akafukiza. Mara tatu. Gari likisikika mbali, hooyo alituomba tumwinue aketi."

Mafuta yalikuwa yakichemka na sikuyatoa motoni.

"Mimi sinusi, Bulle," Osob akasema. "Miaka minne sasa. Wanjugu ndiye hunusa." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza njia. Ndipo akanigeukia. "Abaayo. Ilikuwa hooyo?"

"Haikuwa," nikasema.

"Ngapi?"

"Zote tatu."

Ningefurahi angenitukana. Ningefurahi angenimwagia chai. Alifunga madumu yake, akapanda gari na kaka yake, akaenda kwenye kaburi la mama yake.

Alikaa huko siku arobaini na kitu. Aliporudi, aliweka mkeka wake ng'ambo ya barabara, ukutani kwa Mohamednoor. Siku ya kwanza aliwaambia wateja wote waziwazi, "Mimi sisikii harufu. Kila mtu anuse mwenyewe." Wengine walimwacha, wengi walibaki, maana watu wa hapa wana huruma kuliko nilivyodhani. Binti yake, Muslimo, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akawa ndiye anayenusa madumu. Kigoda alikiacha kwangu. Hakuja kukichukua na mimi sikuthubutu kumpelekea.

Miezi saba hakunisemesha. Nilimwona kila siku, hatua thelathini tu. Nilipika githeri aliyoipenda Weris kila Alhamisi, ile yenye maharagwe mengi, nikaituma kwa mteja avuke nayo. Ilirudi na bakuli limeoshwa, tupu. Sikujua kama aliila au aliigawa. Wanji, mwanangu, alinipigia simu akaniambia, mama, funga kibanda urudi nyumbani. Nilimwambia sirudi. Nikirudi Nyeri nitamweleza nani jambo hili, na nani atalielewa? Nililia sana miezi ile. Nilikuwa nikikata vitunguu hata visivyohitajika.

Kisha Alhamisi moja, yapata saa nne, nilimwona anavuka. Alikuja moja kwa moja, akaketi kwenye kigoda kama aliyekiacha jana. Mikononi alikuwa na dhiil kuukuu, nyeusi, mdomo wake umelika, kifuniko kimefungwa kitambaa kile chekundu. Ilikuwa ya Weris mwenyewe, aliyokuwa akinywea. Moshi wa miaka mingi umeingia mpaka ndani ya nyuzi.

"Muslimo hamjui hooyo," akasema. "Yeye amezaliwa mjini. Kwake hiyo ni moshi tu. Bulle yuko mbali. Ni wewe tu umebaki unamjua." Akafungua kifuniko. "Yumo?"

Nilinusa. Alikuwemo. Mkavu, mtamu kidogo mwishoni. Nilishikwa na kilio nikashindwa kusema, nikatikisa kichwa tu kukubali.

"Sema," akaniambia.

"Yumo, Osob. Yumo kabisa."

Akafunika haraka, kama anayeogopa atatoka. Hakutaja msamaha, nami sikuuomba, kwa sababu nisingejua nianzie wapi. Alirudi kwa madumu yake. Lakini Alhamisi iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata. Alifungua kidogo tu, kwa upana wa vidole viwili, akauliza, nikajibu, akafunika, akaenda. Hatukuzungumza jambo lingine. Nilikuwa naoga vizuri Alhamisi, siweki kitunguu mpaka ameondoka, ili pua yangu isichanganyikiwe.

Chombo kisichofukizwa tena hupoteza harufu yake. Nililijua hilo na yeye alilijua kuliko mimi. Mwezi wa pili ule utamu wa mwishoni ulikuwa umeondoka. Nikamwambia. "Utamu umekwenda," nilisema, "ule ukavu upo." Akaitikia kwa kichwa. Baadaye ukavu nao ukapungua, nikamwambia na hilo. Kila mara shetani aliniambia, mwache mwanamke wa watu, mwambie yumo, utapungukiwa nini? Mara tatu nilikuwa nimeshasema yumo naye hayumo. Nilijua ilivyo rahisi.

Alhamisi iliyopita alikuja mapema, kabla ya maziwa. Hakuketi. Alikifungua kifuniko chote, akakiweka juu ya meza yangu, akaishika dhiil kwa mikono miwili na kuinyoosha hadi usoni pangu. Nilinusa. Nikanusa tena. Nikaingiza pua yote ndani, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Kulikuwa na harufu ya mizizi mikavu, na vumbi.

"Yumo?" akauliza.

Wateja wawili walikuwa wakisubiri chai. Nilitia mikono yangu kwenye aproni.

"Hayumo, Osob," nikasema. "Leo hayumo tena."

Alisimama pale. Machozi yalimshuka bila sauti na hakuyafuta, mikono yake ilikuwa imeishika dhiil. Kisha alichukua kifuniko, akafunika, akafunga kile kitambaa chekundu, mafundo mawili kama alivyofunga mama yake.

"Asante, abaayo," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu siku ile. Akavuka barabara. Muslimo alikuwa ameshashusha madumu, watu wameanza kupanga foleni. Nikawamiminia wateja wangu chai, na mmoja, mgeni, mwalimu aliyehamishiwa hapa juzi juzi, akanionyesha kigoda akaniuliza hapa huuzwa nini.